Fungate Kati ya Kingo Mbili za Nile

Neno fungate tumelipokea kutoka pwani, na asili ya maana yake ni saba: siku saba ambazo maarusi hukaa ndani wakipikiwa na kutunzwa, wasishughulike na jambo lo lote isipokuwa kujuana. Huku kwetu bara mambo huenda vingine. Shangazi humfunda bibi arusi kabla ya siku yenyewe, na baada ya siku yenyewe watu wawili hao hujikuta wakipokea wageni, wakihesabu zawadi, na wakitafuta fedha za kulipia mahema na viti vilivyokodiwa. Mume akiwa mtu wa sare, ufupi unazidi. Likizo yake huandikwa kwa tarakimu, na simu yaweza kuikata katikati.

Mume wangu ni askari jeshi. Tulifunga ndoa aliporejea kutoka Somalia, nchi ambayo askari wetu wameitumikia tangu mwezi Machi 2007. Katika mwaka mzima wa uchumba wetu tulikuwa tumeonana mara mbili. Mengine yote tuliyasema kwa simu, naye akizungumza haraka haraka kama mtu anayesimama kwenye foleni. Alipewa siku kumi na nne. Nne zilimezwa na arusi yenyewe huko kwetu Masindi, tatu tulikaa na wazee wangu, tatu tukakaa na wazee wake huko Anaka, ng'ambo ya Mto Nile. Zikabaki nne. Nikasema hizo nne ni zetu, nami nataka tukazimalizie katika Mbuga ya Taifa ya Maporomoko ya Murchison.

Msomaji asidhani kwamba shauri hilo lilipokewa kwa vigelegele. Mjomba wangu alipiga hesabu ya fedha hizo, akazigeuza kuwa mabati, akaniuliza nyumba isiyo na bati inajengwa kwa twiga? Mama mkwe naye, mwanamke mwenye maneno machache na shamba kubwa la mihogo karibu na mpaka wa mbuga, alituangalia kwa muda mrefu kabla ya kusema: "Hao tembo wamekula mihogo yangu bila kulipa kiingilio. Leo ninyi mnakwenda kulipa kiingilio ili mwaangalie?"

Hapakuwa na jawabu la haraka kwa neno hilo, na hata sasa sina. Mkulima anayelala shambani akipiga madebe usiku kucha hawezi kuambiwa kuwa tembo ni pambo la taifa. Lakini mimi nilikuwa na sababu yangu. Mbuga ile iko katikati hasa ya kwetu na kwake. Nile inaipasua: ukingo wa kusini ni upande wa Bunyoro, watu wangu, ukingo wa kaskazini ni upande wa Acholi, watu wake. Tangu utotoni nimesikia habari za maporomoko yale, naye amesikia habari hizo hizo kwa lugha nyingine, na hakuna ye yote kati yetu aliyekuwa ameyaona. Mimi sikupelekwa kwa kuwa shule yetu haikuwa na gari. Yeye alizaliwa wakati wa vita vya kaskazini, vita vilivyoanza katika miaka ya mwisho ya 1980 na kuendelea hadi mwaka 2006, na kwa mtoto wa Anaka pori lile lilikuwa mahali wanapotokea watu wenye bunduki. Wageni wanavuka bahari kuja kuona kilichoko baina ya nyumba zetu mbili.

Tulianzia safari Bombo, ambako mume wangu alikuwa na karatasi za kutia sahihi, katika gari tuliloazimwa na rafiki yake. Barabara inapita Luwero, nchi iliyoonja vita vya miaka ya 1981 hadi 1986, kisha inaingia Nakasongola, nchi kavu ya ng'ombe. Hapo Nakitoma, kabla ya kulifikia daraja la Kafu, tuligeuka kuingia hifadhi ya Ziwa, nami nawasihi wasafiri wote wafanye hivyo, maana ndipo mahali pa kumwona kifaru wa Uganda akiwa huru porini.

Habari ya kifaru yapasa kusimuliwa polepole. Zamani nchi yetu ilikuwa na vifaru weupe na vifaru weusi, na baadhi yao waliishi humo humo Murchison. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 silaha zilipotapakaa na sheria kulala, waliuawa mmoja mmoja kwa ajili ya pembe, hata ikafika mwaka 1983 hivi hapakuwa na aliyesalia porini. Hifadhi ya Ziwa ilianza upya mwaka 2005 kwa vifaru wanne walioletwa kutoka Kenya. Mwaka uliofuata wakaja wawili kutoka Marekani. Mwaka 2009 jike mmoja wa Marekani alizaa na dume wa Kenya. Mtoto huyo, wa kwanza kuzaliwa katika ardhi ya Uganda baada ya miaka mingi, aliitwa Obama, na sina haja ya kumweleza msomaji kwa nini. Leo wamepita 40. Tuliwaendea kwa miguu tukimfuata askari wa wanyama, mpaka tukasimama hatua thelathini hivi kutoka kwa jike na mtoto wake waliolala kivulini. Alipotikisa sikio nilimshika mume wangu mkono. Yeye aliniambia baadaye kwamba kwa mara ya kwanza tangu arudi alikuwa ametembea nyuma ya mtu mwenye bunduki pasipo kufikiri habari za adui.

Masindi tulilala usiku mmoja tu, tena kwa siri, kwa maana wazee wangu wangalijua tumepita wasingalituachia. Asubuhi tulishika barabara ya kaskazini kupitia msitu wa Budongo, msitu wa mahogani na sokwe, ambamo mchana unafanana na jioni. Kisha msitu unaachia ghafla, nchi inafunguka kuwa nyasi na mivumo mirefu, na mbung'o wanaingia garini. Hapa niwape wake wenzangu habari ya manufaa: msivae nguo za rangi ya buluu iliyokolea wala nyeusi, kwa sababu mbung'o huzipenda rangi hizo. Mume wangu alikuwa na suruali ya buluu mpya ya arusi. Aliumwa mpaka tukacheka.

Mbuga yenyewe ilitangazwa mwaka 1952, na ukubwa wake unakaribia kilomita za mraba 4,000. Lakini kabla ya kuwa mbuga palikuwa na watu. Mwanzoni mwa karne iliyopita ugonjwa wa malale, unaoenezwa na mbung'o hao hao, uliua watu wengi kando ya Nile, na serikali ya kikoloni ikawahamisha waliosalia. Nchi ikabaki tupu, wanyama wakaijaza, na mwaka 1926 ikafanywa hifadhi. Wazee wa Anaka bado wanaweza kutaja majina ya vijito vilivyomo ndani. Basi mama mkwe anapowaita tembo wezi, na askari wa mbuga anapowaita wakulima wavamizi, kila mmoja ana babu wa kumtaja.

Tulipanga kibanda huko Paraa, jina ambalo kwa lugha ya watu wa mume wangu ni makao ya kiboko. Sikulichukulia jina hilo kwa uzito hadi ilipofika saa nne za usiku. Kiboko hushinda majini mchana, na usiku hutoka kwenda malishoni. Dume mzima hupita kilo 1,500, naye anaweza kula kilo 40 za majani kwa usiku mmoja. Wawili walikuja kulisha nyuma ya ukuta wetu. Sauti yake ya kung'oa majani ni kama mtu anayechana kitambaa kipya, polepole, kipande kwa kipande. Nilipofumbua macho mume wangu hakuwa kitandani. Alikuwa amesimama nyuma ya mlango, mgongo umebana ukuta, akihesabu pumzi.

Wake wa askari wanaosoma ukurasa huu hawahitaji maelezo. Nilikuwa nimekwisha kuambiwa na shangazi mambo mengi ya ndoa, lakini hili hakulijua. Sikumgusa. Nilimwita kwa jina ninalomwitia mzaha, "Afande, hao ni ng'ombe wa mtoni." Alikaa kimya kitambo, kisha akaja kukaa kitandani, akaanza kunieleza mambo ambayo hayasemeki kwa simu. Tulizungumza mpaka ndege wakaanza kulia. Laiti tungalibaki Masindi kupokea wageni, usiku ule ungalipita vipi? Angalikwenda kukaa nje, na mimi ningalidhani amekwisha kuchoka nami.

Siku iliyofuata tulipanda mashua ya injini kuelekea maporomoko. Safari ni ya kilomita 17 hivi dhidi ya mkondo, na ni hapa macho yanaposhiba. Viboko wamelala makundi makundi, pua na masikio tu yakionekana. Mamba wamejianika mchangani vinywa wazi. Mwongozi wetu alitueleza kwamba mamba jike huyafukia mayai yake na kuyalinda kwa muda wa miezi mitatu hivi, na kwamba joto la mchanga ndilo linaloamua watoto wawe majike au madume. Abiria mmoja akasema basi waume wa mamba hawana wa kumlaumu. Kwenye ngema za udongo keremkerem wenye koo jekundu wamechimba mamia ya matundu, kila tundu nyumba ya jozi moja. Juu ya mti mkavu kwazi wawili, mume na mke, waliinua vichwa wakalia kwa kupokezana. Hao wakishaoana aghalabu hukaa pamoja maisha. Mwongozi akazima injini ili tusikilize.

Akatueleza pia jambo ambalo wasomaji wetu wenye silaha yafaa walisikie. Katika miaka ya 1960 tembo walikuwa wengi mno humu, wakiivunja miti hata wakuu wa mbuga wenyewe wakaamuru wapunguzwe. Kati ya mwaka 1965 na 1967 waliuawa 2,000 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walihesabiwa zaidi ya 14,000. Kufikia mwaka 1980 walikuwa kama 1,400, na hata baada ya hapo waliendelea kupungua. Risasi zilizowamaliza zilikuwa za bunduki za vita, na vidole vilivyofyatua vingi vilikuwa vya watu waliovaa sare za namna moja au nyingine. Hesabu ya mwaka 2014 ilipata 1,300 hivi, na kila mmoja wao amelindwa na kijana anayelala porini, mwenye bunduki ile ile. Hatari kubwa ya siku hizi ni mtego wa waya. Makao ya mbuga yana rundo la mitego iliyokusanywa, chuma juu ya chuma, na tuliona kwa macho yetu tembo aliyekatika ncha ya mkonga. Alikuwa akinywa maji kwa shida, akipiga magoti.

Mume wangu alimwangalia tembo huyo kuliko vyote alivyoviangalia.

Yale maporomoko yenyewe huyaoni mara moja. Kwanza mapovu meupe hupita kando ya mashua, kisha ngurumo, kisha bonde linabana. Nile, mto uliokuwa mpana kama uwanja wa ndege, unasukumwa katika ufa wa mwamba wenye upana wa mita 7 tu, halafu unaanguka mita zaidi ya 40. Kando yake yako maporomoko ya pili, mapana na mapole zaidi, yaliyofunguliwa na mafuriko ya mwaka 1962. Kwa kuwa ulikuwa mwaka wetu wa kujitawala, yakaitwa Uhuru.

Kuhusu jina la yale makubwa nina neno. Samuel Baker aliyafikia mwaka 1864, akayapa jina la Roderick Murchison, mkuu wa chama cha wanajiografia huko London, ambaye hakupata kuyaona. Pamoja na Baker alikuwapo Florence, mwanamke aliyezaliwa Ulaya ya mashariki na kunadiwa sokoni kama mtumwa kabla ya kukutana naye. Alitembea njia ile ile, akaugua homa ile ile karibu kufa, na ndoa yao rasmi ilifungwa mwaka 1865 waliporudi Uingereza. Ikiwa ilikuwa lazima kuyapa maporomoko haya jina la mgeni, mimi ningalichagua la Florence. Katika miaka ya 1970 yaliitwa Kabalega, kwa heshima ya Mukama wa Bunyoro aliyepigana na Baker Masindi mwaka 1872, akapigana na Waingereza mpaka wakamkamata mwaka 1899 na kumpeleka Shelisheli, na aliyefariki Jinja mwaka 1923 akiwa njiani kurudi nyumbani. Baadaye jina la Murchison likarudishwa. Nyumbani kwetu bibi yangu hakulitamka hata mara moja.

Wako pia maarusi wa namna nyingine waliopita hapa. Mwezi Januari 1954 mwandishi Ernest Hemingway wa Marekani na mkewe Mary waliruka kwa ndege ndogo kuyaangalia maporomoko. Safari hiyo ilikuwa zawadi ya mume kwa mke. Ndege ikagonga waya wa simu, ikaanguka, wakalala usiku mmoja kando ya mto. Mashua ikawachukua hadi Butiaba, wakapanda ndege nyingine, nayo ikawaka moto ilipokuwa ikianza kuruka. Wakapona tena, ingawa kwa majeraha mabaya, na magazeti ya dunia yalikuwa yamekwisha kutangaza kifo chao. Mjomba wangu aliposikia kisa hiki alisema mabati hayaanguki kutoka angani.

Kutoka chini tulipanda kwa miguu hadi juu ya maporomoko, mwendo wa dakika arobaini na tano, jua kali, maji ya kunywa yakawa dhahabu. Juu pale hapazungumziki. Ardhi inatetemeka chini ya nyayo, manyunyu yanalowesha uso, na upinde wa mvua umesimama ndani ya ufa kama kitu kilichofungwa hapo. Tulirudi nyuma hadi kwenye kivuli ambapo sauti inasikika, na hapo tukalizungumza lile tulilokuwa tukiliahirisha tangu uchumba: nitaishi wapi?

Yeye alitaka nihamie kambini. Mimi niko ofisi ya elimu ya wilaya, kazi niliyoipata baada ya miaka minane ya kusimama mbele ya ubao. Kambini hakuna kazi kwa ajili yangu, na yeye mwenyewe hajui kama kikosi chake kitakuwa hapo mwaka kesho. Niliyasema hayo, naye hakukasirika. Alikaa akitupa vijiwe chini, akaniuliza: "Mwalimu, na nikirudi likizo nitafikia wapi? Kwa baba yako au kwa baba yangu?" Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa akitaka kuniondoa kazini. Mtu aliyelala mwaka mzima ndani ya magunia ya mchanga alikuwa akitaka mlango wake mwenyewe.

Tulikubaliana kutafuta kiwanja Karuma. Hapo ndipo barabara kuu inapovuka Nile, saa moja na kitu kutoka kwetu, na karibu na kwao vile vile. Na tangu bwawa la umeme la megawati 600 lilipozinduliwa mwaka 2024 mji ule unakua. Tutaanza na vyumba viwili. Mabati ya mjomba yatangoja kuta.

Kwa wanaokusudia kwenda, haya machache. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kwa shilingi, tena sehemu ndogo tu ya kile anachotozwa mgeni kwa dola, basi mchukue vitambulisho. Miezi ya kiangazi, Desemba hadi Februari na Juni hadi Septemba, njia ni kavu na wanyama husogea mtoni. Tulibeba chakula chetu: viazi, karanga, mayai ya kuchemsha, na sufuria moja. Vibanda vya bei nafuu vipo, lakini chandarua kizuri ni kile ulichokuja nacho. Usiku msitoke nje bila tochi, na msisimame kati ya kiboko na maji.

Asubuhi ya mwisho tulivuka daraja la Paraa, lililochukua nafasi ya kivuko cha zamani, tukaingia upande wa kaskazini ili tutokee kwa wazee wake. Huko ndiko wanyama walikojaa: twiga kwa makumi, nyati, kongoni, ngiri waliopiga magoti wakila. Karibu na mahali Nile inapokutana na Ziwa Albert tulisimama kwenye uwanja wa nyasi fupi. Madume ya kob, wale swala tunaowaona katika nembo ya taifa letu, walikuwa wamesimama kila mmoja peke yake katika kipande kidogo cha ardhi kisichozidi ua wa nyumba. Askari wa wanyama tuliyempakia alieleza kuwa dume hukipigania kipande hicho siku nzima, ingawa hakina maji wala malisho ya maana. Majike hupita katikati, huangalia, huchagua.

Jike mmoja alipita madume manne bila hata kugeuza shingo, akaingia kwa wa tano.

"Hana nyumba," mume wangu alisema. "Ana kiwanja tu."

"Lakini kiko mahali pazuri," nikamjibu.

Alicheka, akawasha gari. Mwendo uliobaki mpaka Anaka niliuendesha mimi, kwa sababu kabla hatujalifikia lango la mbuga alikuwa amelala, kichwa kimeegemea kioo cha dirisha, wala mashimo ya barabara hayakumwamsha.